Vidonge vya Damu: Deni la Nani?

Barua moja imetufikia kutoka kwa baba wa familia, mkazi wa vijiji vya Songea, nasi tumeona yafaa kuijibu hapa badala ya kumjibu faraghani, kwa kuwa swali lake si lake peke yake. Asema mke wake ni mjamzito, naye alipewa kliniki vidonge vya kuongeza damu, ameze kimoja kila siku. Siku za kwanza alimeza. Baadaye mume, alipokuwa akitafuta misumari katika dari ya jiko, akakuta pakiti tatu zimeviringishwa katika kitambaa, hazijaguswa. Alimwuliza mkewe, naye akanyamaza. Ndipo baba huyu atuuliza: je, mama aachaye vidonge hivyo kwa makusudi, hali akijua vimeagizwa kwa ajili ya mtoto, atenda dhambi? Na je, mume ana haki ya kumlazimisha?

Twamshukuru kwa kuuliza. Wengine wangelinyamazia jambo hilo, au wangelimaliza kwa ukali siku ileile. Walakini hatutamjibu kwa neno moja la ndiyo au siyo, maana swali lenyewe, jinsi lilivyoulizwa, limekwisha kumweka mama kizimbani peke yake. Na kabla ya hukumu imetupasa tujue ni kazi gani hasa aliyotakiwa kuifanya, na ni akina nani wengine waliotakiwa kuifanya pamoja naye.

Tuanze na kidonge chenyewe, maana wako watu wanaokihukumu bila kujua kimebeba nini. Ndani yake mna vitu viwili: madini ya chuma na asidi ya foliki. Shirika la Afya Duniani lashauri mama mjamzito apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma na miligramu 0.4 za asidi ya foliki, tangu mapema awezavyo mpaka siku ya kujifungua. Chuma ndicho kiipacho damu wekundu wake na uwezo wa kubeba hewa safi kutoka mapafuni mpaka kila kiungo cha mwili. Sasa mimba ikiingia, damu ya mama huanza kuongezeka, na kufikia miezi ya mwisho huwa imezidi kwa karibu nusu ya ile ya kwanza. Mtoto naye hujiwekea akiba yake ya chuma kwa miezi ya mwanzo ya kunyonya. Kondo la nyuma huchukua sehemu yake. Na siku ya kuzaa damu nyingine humwagika. Waganga wakijumlisha mahitaji hayo yote hupata kama gramu moja ya chuma kwa mimba nzima, yaani uzito wa punje tatu hivi za mahindi.

Punje tatu! Mtu asiyejua angesema: mpeni kwa siku moja, yaishe. Lakini mwili haukuumbwa hivyo. Utumbo hupokea chuma kidogo sana kila siku, na kinachozidi hupita kikatoka. Mama aliyeacha siku kumi, kisha akameza kumi kwa mkupuo mmoja, hakulipa deni lake, amejidhuru tumbo bure. Hata ule utaratibu wa kumeza mara moja kwa juma, ambao Shirika hilo huuruhusu, ni kwa wanawake wanaoshindwa kabisa na kile cha kila siku, tena katika nchi ambazo wajawazito wenye upungufu wa damu hawafiki 20 katika mia. Nchi yetu haimo. Basi hili la kila siku si amri iliyobuniwa na wauguzi ili kuwasumbua akina mama. Limo katika maumbile yenyewe ya mwili wa binadamu.

Kuhusu asidi ya foliki, sisi tuliokaa na Kilatini miaka mingi seminarini twalitambua jina lake mara moja: folium ni jani. Historia yake yapendeza kuielezwa. Mwaka 1928 daktari mmoja Mwingereza, mwanamke, Lucy Wills, alikwenda India kuwaangalia wanawake wa viwanda vya nguo vya Bombay, ambao wakishika mimba walipungukiwa damu kwa namna isiyoponywa na chuma. Akaona kwamba chakula cha bei nafuu kilichotengenezwa kwa hamira kiliwarudishia damu yao, akaliandika jambo hilo mwaka 1931. Mwaka 1941 wataalamu wa Marekani wakakipata kitu chenyewe katika majani ya spinachi, nao ndio waliokipa jina hilo. Hivyo vibarua maskini wa Bombay, ambao hakuna aliyeandika majina yao, ndio waliowafundisha walimwengu wote.

Baadaye ikajulikana zaidi. Uti wa mgongo wa mtoto na fuvu lake hufunga katika siku 28 za kwanza tangu mimba kutungwa, siku ambazo mama wengi hawajajua hata kwamba wamebeba mimba. Mwaka 1991 uchunguzi wa Waingereza ulionyesha kwamba wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye kasoro hiyo, wakipewa asidi ya foliki kabla ya kushika mimba nyingine na katika majuma yake ya kwanza, hatari ya kuzaa tena mtoto wa namna hiyo ilipungua kwa karibu robo tatu. Hao ndio watoto ambao sisi huwaita wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi, na waliofika Muhimbili, katika Taasisi ya Mifupa, wamewaona mama zao wamekaa nao mapajani wakingoja kupasuliwa. Twalitaja hili kwa sababu moja. Mama aanzaye kliniki mwezi wa tano, hata akimeza vidonge vyote bila kukosa, kwa upande huo wa mgongo wa mtoto amekwisha kuchelewa; na kuchelewa huko si kwa kupenda. Ndiyo maana serikali, kwa kanuni za mwaka 2011, iliagiza viwanda vitie virutubishi hivyo katika unga wa ngano na wa mahindi. Shauri jema sana. Walakini sisi wa Ruvuma hatununui unga wa kiwandani. Twavuna mahindi yetu, twayapeleka mashine ya kijiji, na unga urudio nyumbani ni ule ule tulioupanda. Mkoa huu huhesabiwa miongoni mwa maghala ya taifa, na mwaka 2015-16 watoto 44 katika kila mia walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa bado zaidi ya theluthi moja. Tumbo lililoshiba si damu iliyoshiba.

Uchunguzi huohuo wa mwaka 2015-16, uliofanywa nchini kote, ulitoa hesabu nyingine ambazo twamwomba msomaji azitazame kwa utulivu. Katika wajawazito mia, 57 walikuwa na upungufu wa damu. Katika mama mia waliokuwa wamezaa miaka ya karibuni, 98 walikuwa wamefika kliniki walau mara moja. Lakini waliofika katika miezi mitatu ya kwanza walikuwa kama robo tu. Na waliomeza vidonge vya damu kwa siku 90 au zaidi walikuwa kama mmoja katika watano. Kati ya mlango wa kliniki na mdomo wa mama, basi, iko njia ambayo wengi hupotea. Hatuwezi kusema kwamba wanne katika watano ni wavivu. Jambo linalowashinda watu wengi kiasi hicho lina sababu kubwa kuliko tabia ya mtu mmoja mmoja.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika sehemu ile ya Summa yake aelezapo fadhila ya nguvu, atofautisha vitu viwili ambavyo sisi aghalabu huvichanganya. Aonyesha kwamba kushikilia jambo jema kwaweza kuwa na ugumu wa namna mbili. Uko ugumu utokao katika urefu wa muda wenyewe: kazi si nzito leo, wala si nzito kesho, bali ni nzito kwa kuwa itakuwapo tena kesho kutwa, na mtondo, na mwezi ujao. Huo hushindwa kwa udumifu. Na uko ugumu utokao nje, yaani vizuizi vinavyomkuta mtu njiani hali yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kukata shauri. Huo hushindwa kwa uthabiti. Tulipofundishwa hayo tuliyaandika katika madaftari kama watu waandikavyo jambo la mtihani, tukidhani yahusu watawa na wafia dini. Kumbe yamhusu mama wa Songea na pakiti yake ya vidonge, tena yamhusu kwa usahihi wa ajabu.

Tutazame ugumu wa kwanza. Mtu mwenye homa humeza dawa kwa kuwa homa yenyewe yamwamuru. Akisahau, kichwa kitamkumbusha. Mama mjamzito hana kengele ya namna hiyo. Upungufu wa damu huja polepole, naye huchukua uchovu wake kuwa ni uchovu wa mimba, na kizunguzungu chake kuwa ni jua la shambani. Ameza leo: haoni kitu. Ameza mwezi mzima: haoni kitu, isipokuwa pengine tumbo kuchafuka. Tena hata mwisho hataona. Mama aliyemeza vidonge vyake mia na themanini, akajifungua salama mtoto wa uzito mwema, hatajua kamwe kwamba damu aliyoipoteza siku ile ingemuua kama angelikuwa na akiba ndogo. Hakuna atakayemwonyesha hatari iliyompita mlangoni usiku. Twamtaka afanye kila siku, kwa miezi, tendo ambalo thawabu yake ni kwamba jambo fulani halikutokea. Sisi mapadre twajua ugumu wa sala ya kila siku isiyo na utamu, nasi tuna kengele, na ratiba, na wenzetu kikanisani. Yeye ana kopo la maji tu.

Ugumu huu wa kwanza ni wake. Hatuwezi kummezea. Hapo twakubaliana na baba aliyetuandikia: mama ana wajibu, na mtoto aliye tumboni, ambaye hawezi kuomba wala kulia, amdai kweli.

Sasa ugumu wa pili. Chuma huchafua tumbo: kichefuchefu, choo kigumu, ladha mbaya mdomoni. Pia hufanya choo kiwe cheusi, na mama asiyeambiwa mapema kwamba ndivyo inavyokuwa, tena haidhuru, ataona ile rangi na kudhani ameharibika ndani. Wakati mwingine afika zahanati, naye aambiwa vidonge vimekwisha, arudi juma lijalo. Na zahanati yenyewe ni mwendo wa saa mbili, na mvua za Desemba zimeanza, na mahindi yangoja kupandwa. Wengine huhamia mashamba ya mbali msimu mzima, na pakiti hubaki nyumbani. Kadhalika yako maneno ya watu. Mmoja asema vidonge humfanya mtoto awe mkubwa mno, mama apasuliwe. Mwingine asema damu ikizidi, itamwagika zaidi siku ya kuzaa. Mama mkwe asema yeye alizaa tisa bila kidonge, na kusema hivyo mbele ya mkwewe si kutoa habari tu, ni kutoa amri.

Maneno hayo yastahili jibu, si dharau. Magharibi ya Kenya ulifanywa uchunguzi wa wajawazito 470, matokeo yakatangazwa mwaka 2015: waliopewa miligramu 60 za chuma kila siku walizaa watoto waliozidi uzito wa wenzao kwa gramu 150 hivi. Gramu 150 ni nguvu kwa mtoto mchanga; si ukubwa wa kumpasua mama. Wengine waliogopa jambo zito zaidi, kwamba chuma hulisha malaria. Hofu hiyo haikutoka hewani: huko Pemba uchunguzi uliotangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa chuma pamoja na asidi ya foliki, mahali penye malaria nyingi, walilazwa hospitali na kufa zaidi ya wale ambao hawakupewa. Lakini yale yalikuwa ya watoto wadogo. Kwa wajawazito wataalamu walichunguza tena, Dar es Salaam, kati ya mwaka 2010 na 2012, wanawake 1,500. Nao hawakuona kwamba chuma kiliongeza malaria katika kondo la nyuma. Mama mwenye kuogopa, basi, hakuwa mjinga. Aliuliza swali ambalo wataalamu nao waliliuliza; tofauti ni kwamba wao walijibiwa, na yeye aliachwa na swali lake dirishani pa zahanati, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na foleni ya mama arobaini na muuguzi mmoja.

Na hapa turudi kwenye zile pakiti tatu za darini. Kwa nini alizificha? Mtu asiyetaka kitu hukitupa. Mto upo, na choo kipo. Mke huyu hakuvitupa vidonge, alivihifadhi katika kitambaa, juu, mahali ambapo moshi wa jiko hukausha mbegu. Sisi twasoma katika kitambaa kile mtu ambaye hakuthubutu kumeza wala hakuthubutu kuacha, na tena hakuwa na mtu wa kumwambia. Huenda twakosea. Lakini mumewe alisoma ukaidi tu, naye amelala nyumba moja naye.

Hatusemi hivi kwa kujiinua. Tumewahi kumzika mama aliyetokwa na damu wakati wa kujifungua, katika kigango ambacho hatutakitaja. Waganga watuambia kwamba mama mwenye damu ya kutosha aweza kupoteza kiasi fulani akaishi, na mwenye upungufu akipoteza kiasi hichohicho hufa, ndilo lililotokea. Baada ya maziko mmoja wa wazee wa ukoo alituambia, kwa uchungu wa kweli, kwamba marehemu alikuwa mvivu wa dawa. Nasi tukatikisa kichwa, tukakubali, maana msibani si mahali pa kubishana. Hatukuuliza nani aliyemtekea maji miezi ile, wala nani aliyelima. Tumelikumbuka lile tikiso la kichwa mara nyingi, na barua hii imetukumbusha tena.

Waliopita Mbinga wameyaona mashamba ya ngolo ya Wamatengo, yale mashimo yapangwayo juu ya miteremko mikali ili mvua isichukue udongo. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana. Mwanamke hulima ndani ya mraba na kufukia nyasi kwa udongo. Mwanamume asipolaza nyasi, mwanamke hana pa kufukia. Hakuna Mmatengo ambaye, akiona mteremko umemomonyoka, angesema mke wake ni mvivu wa jembe kabla ya kutazama kama mistari ya nyasi ililazwa. Kwa nini mimba iwe shamba la mtu mmoja?

Kwa hiyo twasema: udumifu ni wa mama, lakini vizuizi vya nje ni deni letu sisi wengine, na kila kizuizi kina mwenye kukiondoa. Vidonge vikikosekana zahanati, hiyo ni kazi ya serikali na ya sisi tuendeshao hospitali za misheni, nasi tusijifiche nyuma ya serikali. Muuguzi asiyeeleza habari ya choo cheusi amemwacha mama katika hofu ambayo sentensi moja ingeiondoa. Mama mkwe aliyezaa tisa na asiwataje wale aliowapoteza hasemi kweli yote. Na mume? Mume ndiye aliye karibu kuliko wote. Yeye aweza kwenda kliniki pamoja naye mara ya kwanza, mapema, kabla mimba haijaonekana; aweza kufua na kuteka maji juma lile la kichefuchefu; aweza kumpelekea pakiti shambani. Haya yote hayamo katika barua tuliyoipokea. Imo dari, na msumari, na swali la dhambi.

Tujibu basi. Ili tendo liwe dhambi nzito, Kanisa lafundisha, haitoshi jambo lenyewe kuwa zito. Yatakiwa maarifa kamili na hiari kamili. Baba asema mkewe alijua. Alijua nini? Kwamba ameambiwa ameze. Hatuoni kwamba aliambiwa kwa nini, wala kwamba hofu zake zilijibiwa. Na hiari ya mtu anayekinyamazia kitu mbele ya mumewe ni hiari ya namna gani? Sisi hatuwezi kuhukumu moyo wa mama ambaye hatujamsikia, wala mumewe asijaribu. Katika barua yote mtu mmoja tu twamjua kwa hakika kuwa ana maarifa na hiari, naye ni yule aliyeiandika. Kama liko deni lililoiva, lililo wazi, lenye mdaiwa anayejua kusoma, ni lake.

Kumlazimisha, la. Mwili ule ni wake, na mke si mtoto wa kufunguliwa mdomo. Tena kidonge kilichomezwa kwa woga hutemwa nyuma ya nyumba, na kesho mtu hatafuta dari, atatafuta mahali pazuri zaidi pa kuficha. Aketi naye, amwulize kilichomwogopesha, na asimkatize mpaka amalize. Hilo laweza kuchukua jioni zaidi ya moja.

Akikubali kuanza tena, mambo machache yatamsaidia. Kidonge humezwa vema zaidi usiku, baada ya chakula, hapo kichefuchefu hupita mtu akiwa usingizini. Kisimezwe na chai, maana chai huzuia chuma kupokelewa. Bali chungwa, embe au pera husaidia. Mchicha, maharage, na dagaa wa Ziwa Nyasa vyafaa sana, lakini visihesabiwe kuwa mbadala wa kidonge. Ile dawa ya kuzuia malaria itolewayo kliniki, SP, haigombani na kidonge hiki; hugombana na vile vidonge vya asidi ya foliki vya miligramu 5 ambavyo wengine hununua dukani, kwa hiyo asiongeze cha dukani bila kuuliza. Ampime muuguzi safura na malaria, kwa kuwa damu inayonyonywa na minyoo haitajazwa na chuma peke yake. Kama anakula udongo, wengi hula nao huona haya kusema, amwambie muuguzi bila haya. Mwenye ugonjwa wa selimundu afuate neno la daktari wake. Akiruka siku moja, ameze cha siku inayofuata na kuendelea, wala asimeze viwili. Na pakiti ishuke kutoka darini, ikae mahali pa kuonekana na mama ila pasipofikiwa na watoto, kwani chuma kile kile kimjengacho mama chaweza kumwua mtoto mdogo akikidhania pipi.

Liko jambo moja la mwisho, tuliloligundua baada ya kuisoma barua mara ya tatu. Baba ameeleza idadi ya pakiti, rangi ya kitambaa, na hata siku aliyovikuta. Hakueleza mimba ni ya mwezi wa ngapi. Akituandikia tena, nasi twamwomba atuandikie, aanze na hilo. Na kama hajui, amwulize mkewe kabla ya kushika kalamu.